Kaimu wa Sikitu

Ukutani, Sikitu aliweka sinia la uji mezani, akamtazama jaji, kisha akainamisha kichwa. Sentensi iliyomwelekeza kufanya hivyo ilikuwa imeandikwa nusu dakika tu kabla, na ukutahai, ule ukuta unaozipa hadithi uhai, ulikwisha kuigeuza kuwa mwili, sauti na mvuke wa uji. Wageni waliojaa ukumbini, Dodoma, walipiga makofi.

"Mwandishi wa Sikitu yuko wapi sasa?" mmoja aliuliza.

"Huenda amelala, huenda yuko kazini," alijibu Injinia Leokadia Mhagama. "Hilo halizuii hadithi. Kaimu anamshikia zamu."

Kaimu ndiye aliyekuwa uvumbuzi wake. Zamani, watu wawili walipotunga hadithi pamoja mtandaoni, kila mmoja akimwendesha mhusika wake, mmoja akipata dharura hadithi ilikwama. Mtambo huu ulisoma yote aliyowahi kuandika mtu, ukajifunza mtindo wake, ukaandika badala yake hadi mwenyewe arudi.

Sikitu alikuwa wa Asya Khatibu, mshonaji wa Wete, Pemba. Kwa miaka tisa yeye na Leokadia walikuwa wakitunga hadithi ya mji uliojengwa chini ya ziwa. Leokadia alimwendesha jaji. Asya alimwendesha Sikitu, mpishi wa jela aliyemficha mfungwa asiye na hatia. Hawakuwahi kuonana ana kwa ana. Sharti lao lilikuwa moja: hakuna kumgusa mhusika wa mwenzako bila ruhusa.

Leokadia alilivunja. Alichoka kungoja Sikitu aungame, akaandika mwenyewe: Sikitu akapiga magoti mbele ya jaji, akalia.

"Umemsemesha mtu wangu," Asya alimwandikia.

"Ni kwa uzuri wa hadithi, dada. Wasomaji wamependa."

"Futa. Sikitu hapigi magoti."

Hakufuta. Wiki iliyofuata alirudia. Asya alinyamaza siku mbili, kisha maandishi yake yakarejea, mapole, na tangu hapo hawakubishana tena. Leokadia aliwaambia watu kwamba hatimaye mwenzake ameelewa.

Baada ya maonyesho, wageni waliomba kujua kaimu huandika kwa muda gani kabla mwenyewe hajarudi. Leokadia alifungua kumbukumbu za mtambo. Asya hakuwa ameandika hata sentensi moja kwa miezi kumi na minne.

Alimpigia simu palepale.

"Asya, unaumwa?"

"Mzima, alhamdulillahi." Cherehani ilisikika, kisha ikanyamaza. "Umejua leo?"

"Mbona hukuniambia?"

"Nilisema wiki moja haipiti, atagundua. Halafu nikasema mwezi."

"Kaimu anaandika kama wewe kabisa."

"Anaandika kama mimi ninayekubali kila kitu. Mtu wa kukubali unaye kila mahali, dada, humkosi. Mimi nimepiga magoti kwa mume, nikapiga kwa mama mkwe, nikapiga kwa wateja wenye nguo zao. Sikitu peke yake ndiye aliyekataa. Nawe ukamwinamisha, tena mbele za watu."

Leokadia aliomba radhi. Alisema atafuta yote, waanze upya pale walipoachana.

"Huyo nimekuachia," alisema Asya. "Mimi simjui tena." Cherehani ikaanza kulia, na simu ikakatika.

Jioni hiyo Leokadia alimzima kaimu. Sikitu alibaki amesimama mlangoni kwa jaji, kimya. Wasomaji walilalamika kwa maelfu, lakini si wao waliomsumbua. Kila siku alimwandikia jaji swali lilelile la kumwuliza Sikitu: "Mfungwa yuko wapi?" Kisha alikaa akingoja, mkono kwenye shavu, kama alivyongoja miaka ile Asya alipokuwa akifikiri.

Siku ya nne alimwasha kaimu.

Haikuchukua hata sekunde. Sikitu alitabasamu, akasogea mbele. "Samahani kwa kukungojesha, mheshimiwa," alisema. "Nitakuonyesha alipo."

Leokadia aliisoma sentensi hiyo, kisha akaandika inayofuata.