Mzazi wa Kwenye Ua

Nyakio alifagia boma lake la Mutuini kana kwamba anatafuta sindano. Kesho yake, Alhamisi, kikundi cha maombi kingekuja kwake. Wageni huomba wakiwa wamefumba macho, lakini Nyakio aliwajua: kabla ya kuyafumba, wangekagua uwanja.

Akakusanya majani makavu chini ya ua wa miiba ya kayaba, kama kila wiki, akatoa kiberiti.

"Mama Wachira, ngoja!"

Mpangaji wake, Selpher, aliyezoea kumwita kwa jina la mwanawe, alikuja mbio na kandambili moja. Kazi yake ni kuchunguza wadudu.

"Kwani kuna nini? Umepoteza pete?"

Selpher akainua jani lililojikunja. Ndani mlikuwa na kifuko cheupe cha utando. Mlangoni alikaa buibui mdogo kama punje ya ndengu. Buibui akageuka.

"Ai! Ananiangalia!"

"Anataka kujua nani anamchomea nyumba. Huyu ni buibui mrukaji. Hategi utando. Huvizia nzi, akawarukia. Na humo ana mayai."

"Si ahamie kwa jirani, Mama Mungai?"

"Kwa Mama Mungai mbele ni ukuta wa mawe, nyuma ana ua, lakini chini yake ni moto kila wiki kama wako. Nimetafuta kutoka hapa hadi Kabiria. Aina hii nimeiona kwenye ua wako tu. Ukiwasha, sijui nitaitafuta wapi tena."

Nyakio alikitazama kiberiti. Kule Kabiria aliwahi kufungiwa nyumba na mwenye nyumba, mtoto mgongoni, mvua ikinyesha. Hakutarajia kukumbushwa na buibui. Akarudisha kiberiti mfukoni.

"Sasa wageni watasemaje?"

"Fagia njia. Majani yaache chini ya ua. Usinyunyize dawa. Ukipogoa, pogoa upande mmoja, ule mwingine usubiri watoto watoke."

Alhamisi, Mama Mungai aliyaona majani kabla hajaketi.

"Nyakio, ufagio ulikufa?"

Wanawake wakacheka. Nyakio aliona aibu, lakini akasimama.

"Hapo kuna mzazi. Njoo umwone, ila usimpigie kelele."

Mama Mungai akainama. Buibui akamkazia macho. Wakatazamana muda mrefu kuliko sala ya kufungua.

Wiki tatu baadaye, watoto wa buibui, wadogo kama ufuta, walitoka kwenye jani. Jumatano hiyo hakukuwa na moshi kwa jirani. Kichwa cha Mama Mungai kilichomoza juu ya ukuta.

"Nyakio! Majani ya ua wangu wa nyuma sijayachoma. Waambie hao watoto wako nyumba ipo."