Askari Hutolewa Mapema

Kila alasiri, akishatoka shule na kuteka maji, Nasma alipita dukani kwa Batulbai, Barabara ya Sita, kuulizia sabuni. Alijua haipo. Batulbai naye alijua kwamba mtoto anajua, lakini Mama Nasma alikuwa amemtuma, na mtoto akitumwa huenda. Mwaka ule rafu za duka lile zilikuwa na viberiti, kamba za katani na makopo machache ya bizari yaliyopangwa kwa kuachana ili yaonekane mengi. Sukari, unga na sabuni vilikuwa vitu vya kusikika tu. Ungeambiwa vimeonekana mahali, ukifika unakuta foleni ndefu na mlango umefungwa.

Kwa kuwa hakuwa na cha kuuza, Batulbai aliweka ubao wa sataranji juu ya kaunta. Alikuwa mjane wa Kibohora, mwembamba, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi upande mmoja. Alifundishwa mchezo huo na baba yake, naye aliufundisha mtaa mzima kwa sheria zile zile za kizamani za kwao. Askari, yaani zile kete ndogo za mbele, walikwenda hatua moja tu, hata mwanzoni. Mfalme naye alikuwa na haki ya kuruka kama farasi mara moja katika mchezo wote, ila akishatishwa na adui na kuambiwa "shaha", haki hiyo ilikufa. Watu wa Barabara ya Sita hawakujua kwamba kuna sataranji nyingine duniani.

Bingwa wa mtaa alikuwa baba yake Nasma, Mwinyijuma, kuli wa bandarini. Mwinyijuma alicheza kama bahili. Alikula kila kete iliyokaribia, na yake hakuitoa hata kwa dawa. Mfalme wake alimweka nyuma, ile haki ya kuruka ameitunza kwa siku ya shida, na mwisho wake mpinzani alichoka, akafungwa. Hata Batulbai siku hizi alikuwa hamwezi.

Siku moja Mwinyijuma alikanyaga msumari gatini. Kidonda kilikuwa kidogo, kwenye kidole gumba cha mguu wa kulia, lakini hakikupona. Alipokwenda hospitali aliambiwa ana ugonjwa wa sukari. Wenzake walicheka sana. Walisema sasa wamejua sukari yote ya Tanga imejificha wapi, na wakamwomba awagawie ya chai. Mwinyijuma naye alicheka. Daktari hakucheka. Alimwambia kile kidole kimeshakufa, akikubali kikatwe atapona na kurudi kazini, na akikataa, kifo hicho kitapanda.

Mwinyijuma alirudi nyumbani, akakaa juu ya mkeka, akasema hakatwi mtu. Kuli hubeba magunia kwa miguu yake, na gatini hawamtaki kilema. Alianza kukitia kidonda maji ya chumvi na majani ya kila aina aliyoelekezwa. Saleha, mkewe, alimsihi kwa upole, akamsihi kwa ukali, mwisho akamsihi kwa machozi.

"Basi sikiliza," Mwinyijuma alimwambia, akimtazama binti yake aliyekuwa akipanga kete. "Siku Nasma atakaponifunga sataranji, nitakwenda hospitali kwa miguu yangu. Nimeahidi."

Alisema vile kwa sababu alijua siku hiyo haipo. Ilikuwa njia yake ya kukataa bila kugombana. Lakini Nasma alikuwa na miaka kumi na miwili, na maneno ya baba yake aliyachukua kama yalivyo. Tangu siku ile alicheza naye kila jioni, na kila jioni alifungwa.

Shuleni kulikuwa na mwalimu wa hisabati aliyeitwa Manase, kijana wa Kibondei aliyesoma ng'ambo na kurudi na sataranji yake. Nasma alimweleza shida yake bila kuficha kitu. Mwalimu Manase alimsikiliza, kisha akamfundisha mwanzo mkali. Unasukuma askari wa mbele ya mfalme hatua mbili kwa mpigo, kisha unamsukuma wa jirani yake hatua mbili vilevile, na huyo wa pili unamwacha aliwe. Adui akishughulika na kula, wewe unamiliki katikati ya ubao na kumshambulia kabla hajajipanga. Nasma alijifunza mwanzo ule mpaka akaweza kuucheza amefumba macho. Aliwafunga watoto wote wa darasa la sita, na mara moja alikaribia kumfunga mwalimu mwenyewe.

Jioni aliyouona mwanzo ule umeiva, aliketi mbele ya baba yake, akasukuma askari hatua mbili.

Mwinyijuma alimtazama yule askari, akamtazama na mtoto. "Huyu kapanda gari?" aliuliza. "Askari wa nyumba hii anatembea kwa miguu, mwanangu. Hatua moja."

Nasma alijaribu kueleza kwamba ndivyo dunia inavyocheza. Baba yake alijibu kwamba dunia haijafika Barabara ya Sita. Alimrudisha askari nyuma, na mpango wote wa mwalimu Manase ukafa palepale, kwani bila hatua mbili haukuwa na mwendo wala ukali. Nasma alifungwa haraka kuliko siku nyingine yoyote. Wakati anakusanya kete aliona kwamba weusi wa kidonda cha baba yake ulikuwa umeshahamia kidole cha pili na cha tatu. Siku zile zote alikuwa akijifunza mchezo ambao hauruhusiwi kwao. Alijiona yeye ndiye aliyempotezea baba yake vile vidole, na alilia kwa uchungu hadi mama yake akadhani amepigwa.

Nyumba yao ilianza kunuka. Saleha alichoma udi asubuhi na jioni, na majirani waliokuja kujulia hali walikaa karibu na mlango. Bendeji hospitali hazikuwapo, kwa hiyo Saleha alichana shuka kuukuu na kuvichemsha vile vipande bila sabuni. Wenzake Mwinyijuma wa bandarini waliacha kufanya mzaha wa sukari. Mwishoni waliacha hata kuja.

Siku moja Nasma alikwenda dukani bila kutumwa.

"Shikamoo, Batulbai."

"Marahaba. Sabuni hakuna."

"Sikuja kwa sabuni," Nasma alisema.

Batulbai alimvuta ndani, akamkalisha juu ya kreti tupu, akasikiliza mambo yote, ya ahadi na ya mwalimu Manase na ya askari aliyepanda gari. Alijilaumu, kwa kuwa sheria zile zilikuwa zake na yeye ndiye aliyezileta mtaani.

"Nani kakwambia kwa sheria zangu hatutoi kete iliwe?" alisema hatimaye. "Baba yangu alikuwa akitoa tangu mwanzo. Lakini nikueleze ukweli, Nasma. Huu si mtego wa kukariri. Ukitoa askari, umenunua hatua moja ya kumtangulia adui. Ukiilaza hatua ile, umemtupa askari wako bure."

Alimwonyesha. Unasogeza askari wa mbele ya waziri na wa mbele ya mfalme, taratibu, hatua moja moja, hadi adui aweze kuwala. Akiwala, njia za ngamia, ile kete inayokwenda mshazari, na za waziri zinafunguka, na kete zako zote zinatoka nje wakati zake bado zimelala. Kisha unamtoa ngamia. Anamla askari anayelinda ubavu wa mfalme, unasema shaha, na mfalme lazima amle yule ngamia kwa mkono wake mwenyewe.

"Hapo haki ya kuruka imekufa," Batulbai alisema. "Baba yako huitunza kama akiba. Wewe iue mapema."

"Na akiacha kula?"

"Mwinyijuma? Hajawahi."

Walicheza kila siku kuanzia hapo, kaunta ikiwa haina mteja. Nasma alipokosea, Batulbai alizipanga kete upya na kumwonyesha kwa kidole aanze. Mara nyingi alitoa askari, akatoa ngamia, kisha akazubaa hatua moja tu, na mashambulizi yake yakazimika. Ndipo alipoanza kuelewa kwamba kutoa ni rahisi, kazi iko katika kila hatua inayofuata. Alirudi nyumbani akiwa na kichwa kizito na matumaini madogo, maana kila akifika aliona ule mguu, na mguu haukuwa ukimngoja.

Ilikuwa Ijumaa baada ya swala alipomwomba baba yake wacheze. Mwinyijuma hakwenda msikitini siku hiyo. Alilala mkekani, mguu umewekwa juu ya mto na kufunikwa kanga, macho yake mekundu kwa homa. Alikubali, nadhani kwa kutaka kusahau maumivu.

Nasma alisogeza askari wa kwanza mahali pa kuliwa. Baba yake alimla. Alisogeza wa pili, naye akaliwa. Mwinyijuma alizipanga zile kete karibu na goti lake, akamwuliza mtoto kama leo amelala usingizi. Nasma alimleta farasi mbele, akamleta na waziri, kisha akamchukua ngamia wake, akamla naye askari wa ubavuni.

"Shaha," alisema.

Mwinyijuma alimla ngamia kwa mfalme, akamweka pamoja na wale askari. Hapo ndipo alipoinua uso na kuutazama ubao vizuri. Mfalme wake alikuwa amesimama nje peke yake, hana tena haki ya kuruka, na kete za binti yake zilikuwa zimemzunguka. Alifikiri kwa muda mrefu sana. Njia ya kutoka ilikuwapo, na Nasma aliiona akaogopa. Kama angekubali kupoteza farasi wake mmoja, mfalme angepata pa kupita. Mkono wa Mwinyijuma ulimgusa yule farasi, ukamwacha.

"Nikimtoa huyu nitabaki na nini?" alinong'ona.

Hakumtoa. Alisogeza kete nyingine, na baada ya hatua chache mfalme hakuwa na pa kwenda.

Saleha alikuwa mlangoni, ameshika bakuli la maji ya chumvi. Mwinyijuma alizitazama kete alizokula, zikiwa zimejipanga vizuri kando ya goti lake.

"Nimekula vyote hivi," alisema, "na bado nimefungwa."

Nasma hakushangilia. Machozi yalimtoka hata kabla hajajua kwamba analia. Baba yake alimwekea mkono kichwani. Kisha alimwambia Saleha amtafutie kanzu safi, kwa kuwa aliahidi, na ahadi aliitoa mbele ya watu.

Kwa miguu yake hakuweza kwenda. Petroli haikuwapo mjini, na gari la wagonjwa lilikuwa juu ya mawe. Alipelekwa kwa mkokoteni, ukisukumwa na wale wale wenzake wa bandarini ambao Saleha aliwafuata na kuwaita. Daktari aliufunua mguu, akaufunika. Hakuzungumza tena habari ya kidole. Ulikatwa chini ya goti, na bendeji zilikuwa vile vipande vya shuka ya Saleha.

Mwinyijuma aliishi. Hilo ndilo jema lililopatikana, na tusilifanye kubwa kuliko lilivyo. Bandarini hawakumtaka, kama alivyosema mwenyewe. Gongo la kutembelea alichongewa na jirani, nalo lilikuwa fupi kidogo. Saleha alianza kufua nguo za watu wa mtaa wa Raskazone, na Nasma alizichukua na kuzirudisha.

Kisha mambo yalibadilika mjini. Serikali iliruhusu wafanyabiashara kuleta bidhaa kutoka nje, na malori yakawa yanaingia kupitia mpaka wa Horohoro yamejaa. Rafu za Batulbai zilipata sabuni za rangi tatu, kanga mpya, na mafuta ya nywele yenye harufu nzuri. Nasma alipokwenda kuulizia sabuni aliambiwa ipo, achague, na kwa kilichokuwa mkononi mwake akanunua kipande kilichokatwa kutoka mche mmoja. Ubao wa sataranji haukuwa tena na nafasi kwenye kaunta.

Batulbai aliutoa nje, akauweka barazani, na pembeni yake akaweka rundo la magunia yaliyotoboka ambayo Mwinyijuma aliyashona. Kazi ile ilikuwa ndogo na malipo yake madogo vilevile. Jioni moja mwalimu Manase alipita na wanafunzi wake, wakasimama kumtazama baba na binti wakipanga kete. Mmoja wao, mtoto mdogo asiyejua haya, alimwuliza Mwinyijuma mguu umekwenda wapi. Nasma alitaka kumkemea, lakini baba yake alimzuia.

"Njoo nikueleze, ukawaambie na wenzako," Mwinyijuma alisema. "Daktari aliniomba kidole kimoja, wakati ule kilikuwa kidole tu. Nikamnyima. Nilidhani natunza mali yangu, kumbe kila siku niliyoingoja nilikuwa nalipa. Mwenye kidonda asingoje. Anayetoa mapema huchagua cha kutoa. Mimi nilichelewa, sikuchagua tena."

Mtoto aliitikia kwa kichwa kama aliyeelewa, na labda alielewa. Batulbai alikuwa ameegemea mlango, nyuma yake rafu zimejaa.

Mwinyijuma aliweka sindano ya magunia chini. Ilikuwa zamu yake kuanza. Alimchukua askari wa mbele ya waziri wake, akamsogeza hatua moja, na zamu iliyofuata akamsogeza tena, mpaka mahali ambapo Nasma angeweza kumla.

"Mle, mwanangu," alimwambia.