Bega la Belyse

Kila jioni, kazi za shamba zikiisha, watoto wa Juru, upande mmoja wa kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, tulikuwa tunaweka majembe chini na kukimbilia uwanjani. Uwanja wenyewe ulikuwa shamba lililovunwa mahindi, na mabua yaliyobaki yalituchoma nyayo. Siku hizi pamepandwa maharage. Ukipita huwezi kujua kwamba watu waliwahi kupiga kelele pale, lakini sisi tuliocheza tunajua. Mimi nikipita, moyo hunilegea kidogo, nisiseme uongo.

Mchezo wetu ulikuwa besiboli. Mwalimu Patrice, Mrundi mwenye sauti kubwa kuliko mwili wake, alituletea rungu moja, glavu chache na mpira mmoja mgumu. Mrushaji anarusha mpira, mpigaji anaupiga kwa rungu na kukimbia, na mdakaji anachuchumaa nyuma ya mpigaji ili audake ukimpita. Hayo ndiyo tuliyoelewa siku ya kwanza. Mengine tuliyaelewa kwa kugombana.

Mrushaji wetu alikuwa Belyse, msichana mrefu wa familia ya Kirundi iliyokaa karibu na kisima. Mdakaji alikuwa Divine, binti wa Mama Annonciata kutoka Uvira, Kongo. Wawili hao hawakuachana. Divine alikuwa na jicho kali. Mpigaji akisimama tu, yeye ameshaona miguu yake imekaaje: huyu yuko mbali, mpira wa nje hataufikia, yule ana haraka, mpe wa polepole atapiga hewa. Alimwonyesha Belyse kwa vidole, na Belyse akarusha hapohapo.

Kaka yake Divine, Parfait, aliishi Nyamityobora, mtaa wa mji wa Mbarara, akiuza viatu vya mitumba. Yeye ndiye aliyemfundisha Divine kudaka, kwa machungwa mabichi, zamani walipofika Nakivale na hakuna mtoto aliyemjua mwenzake. Kwa hiyo Divine alimpenda kupita kiasi. Parfait akija nyumbani, dada mtu habanduki.

Likizo moja Parfait alikuja na jambo jipya. Alikuwa anabeti kwa simu mechi za besiboli za Marekani.

“Mudogo yangu,” alisema, “bale batu ba Mbarara banaangalia jina ya timu tu. Miye nataka kujua muzuri. Weye unaangaliaka nini?”

Divine, ambaye kaka yake alimwita ‘yaya’ kwa heshima ya mkubwa, akaketi wima kama mwalimu. “Usiangalie timu, yaya. Angalia nani anaanza kurusha leo, na nani atapiga mbele yake. Kama anarushaka polepole, na bapigaji bako na haraka, atabamaliza. Na uangalie kama amepumzika.”

Wakakaa na ile simu mchana kutwa, wakilinganisha mrushaji huyu na wapigaji wale. Parfait alishinda mara, akashindwa mara, na zile alizoshindwa akazisahau upesi. Divine hakujali habari za pesa. Kilichomlewesha ni kuulizwa. Mtu mzima, tena kaka yake, anamsikiliza yeye!

Haikupita muda tukaalikwa kucheza na shule moja ya Mbarara. Juru nzima ilijua. Siku chache kabla ya safari, Parfait alimpigia dada yake simu.

“Na Belyse wenu? Anakuwaka na nguvu mpaka mwisho?”

Divine alisita, lakini kidogo tu. “Bega inamuuma, yaya. Akirusha mingi, mpira inakuwa laini. Lakini usiseme kwa mutu. Aliniambia miye peke yangu. Anaogopa Mwalimu atamutosha mu timu.”

“Nitasema kwa nani?” Parfait akacheka.

Tulikwenda Mbarara juu ya lori lililobeba magunia ya maharage, tukiimba mpaka sauti zikakauka. Nikiambiwa nichague asubuhi moja ya utoto wangu nirudishiwe, nitachagua ile, kabla hatujashuka kwenye lori.

Tulipofika uwanjani, Divine alikwenda bombani kuchota maji. Nyuma ya ukuta walisimama wanaume, na katikati yao bwana mmoja aitwaye Mbabazi aliyekuwa akikusanya pesa za waliobeti.

“Hii timu ya kambi itaanguka leo,” Mbabazi alikuwa anasema. “Ule musichana yao ya kurusha, bega yake iko mbovu. Huyu kijana ametuambia. Dada yake ndiyo anadaka.”

Kijana mwenyewe alikuwa Parfait. Divine aliacha maji yakimwagika, akamvuta kaka yake kando.

“Yaya, umebeti juu yetu?”

“Nimebeti mutapigwa.” Parfait hakumtazama usoni. “Ni hesabu tu, Divine. Si weye ulinifundisha? Usiangalie timu. Nimeweka yote yenye niko nayo. Nikipata, nitamununulia Mama mabati. Weye nyamaza tu, Belyse arushe.”

Ni kweli paa la Mama Annonciata lilikuwa la plastiki. Mvua ikinyesha, masufuria yote yalishuka sakafuni kukinga maji. Divine akasimama pale akipima. Akinyamaza, mama yake atalala pakavu, lakini Belyse ataharibu bega lake. Akisema, kaka yake huenda akapoteza kila kitu, na Belyse atajua siri yake imetolewa nje. Aliniambia baadaye kwamba kilichomuuma zaidi ni kaka yake mwenyewe kukaa upande ule wa ukuta, akiwaombea washindwe.

Alikwenda kwa Belyse kwanza, akamweleza yote bila kujitetea.

“Nilikuambia wewe peke yako,” Belyse akasema. Hakupiga kelele, na heri angepiga. “Hata mama yangu sikumwambia.”

“Najua. Na sasa ninakwenda kumwambia Mwalimu. Unichukie tu, lakini leo sitadaka mpira wako.”

Mwalimu Patrice aliwasikiliza wote wawili mpaka mwisho. Kisha akamwambia Belyse, “Inua mkono.” Mkono ukafika sikioni, ukakwama. Machozi yakamtoka Belyse.

“Mwanangu, ungerusha hivyo mechi nzima?”

“Ningerusha, Mwalimu.”

“Basi hutarusha hata mmoja.”

Aliyeanza kurusha akawa mwenzetu Eliane, ambaye mipira yake ilikwenda taratibu kama bibi anayetoka kanisani. Nyuma ya ukuta kukazuka zogo. “Banange! Ile ya bega iko wapi?” walipiga kelele. “Hii siyo ile tulibetia!” Mbabazi akakataa katakata kumrudishia mtu pesa yake. Wachezaji wa Mbarara nao walikuwa wamejiandaa kwa mipira ya kasi, wakapiga hewa mpaka wakaona haya. Divine alimwongoza Eliane mpira kwa mpira, na muda mrefu tukadhani tutashinda. Mwishowe wakatupita kwa pointi moja. Tulirudi juu ya lori bila kuimba. Belyse alikaa mbali na Divine, mkono wake umefungwa kwa kitenge.

Muuguzi alisema bega lilikuwa karibu kuumia vibaya, apumzike mpaka maumivu yaishe kabisa. Belyse akapumzika, na muda huo wote hakumsemesha Divine. Halafu alasiri moja akaja na ungo wake hadi uani kwa Mama Annonciata, ambapo Divine alikuwa anapukuchua maharage. Hakusema kwamba amesamehe. Alisema tu, “Sogea,” na Divine akasogea.

Walikuwa bado wamekaa hivyo pikipiki ilipoingia uani, mabati mapya yakigongana nyuma yake. Parfait akaruka chini anacheka. “Mama! Nilishinda!”

Mama Annonciata akajifuta mikono. “Ulishinda nani?”

Parfait akaanza kufungua kamba za mabati.

“Nakuuliza, mwana wangu. Ulishinda nani?”

Parfait akageuka, ndipo akamwona Belyse, bega limeinama kidogo, akichambua maharage kwa mkono mmoja. Kamba ikamtoka mikononi.

“Sisi,” akasema polepole.

“Njo vile,” mama akaitikia. “Mutu wa kubeti anakaaka akingojea mwingine aanguke. Weye ulikaa unangojea ba kwenu.” Kisha mama akamgeukia binti yake. “Na weye Divine, sikia. Mutu akikuambia fasi ya mwili yenye inamuuma, amekupatia kitu ya kulinda. Haiko yako ya kutoa, hata kwa ndugu yako, hata akikusifu namna gani. Ulikosa. Lakini ulisema kweli wakati kweli ilikuwa inakuumiza weye mwenyewe, na ni juu ya ile huyu mutoto iko na mukono yake muzima.”

Divine akalia. Sisi tuliokuwa tunachungulia kwenye ua tukarudi nyuma hatua moja.

“Na mabati, Mama?” Parfait aliuliza.

“Mvua ikipiga juu yake, nitasikia nini? Nitakuwa nasikia bega ya Belyse. Rudisha mabati.” Akamtazama mwanawe, na uso wake ukalainika. “Lakini weye ingia. Kuna chakula.”

Parfait hakuingia mara moja. Alimwendea Belyse, akapiga magoti kwenye maganda ya maharage, akamwambia maneno ambayo sisi hatukuyasikia. Belyse akatikisa kichwa kukubali. Kisha akampa ungo wake, maana mkono ulikuwa umeanza kuchoka, na kazi ilikuwa bado nyingi.