Mkono wa Kushoto wa Muigai

Muigai alikutwa amelala kifudifudi, kinyago usoni, mtungi wa hewa mgongoni ukiwa mtupu, na mgongo wa mkono wake wa kushoto bado umegusa ukuta. Alikuwa hatua chache tu kupita mlango. Mlango wenyewe ulikuwa wazi.

Hilo ndilo lililomnyima raha Inspekta Nduku. Mzimamoto wa miaka mingi afe kwa moshi, tena pembeni mwa mlango ulio wazi?

Lilikuwa ghala la kiwanda cha nguo, Eneo la Viwanda Thika. Moto ulikuwa umezimwa, lakini marobota ya pamba yalikuwa bado yanafuka na masizi yametanda kila mahali. Nduku alisimama kizingitini, asipende kabisa kuingia. Tangu utotoni aliogopa kufungiwa gizani. Kazini hakuwahi kumwambia mtu, hata Koplo Fahim aliyesimama nyuma yake na kamera.

"Aliingia na nani?" aliuliza.

"Na mwenzake, Njau. Yule pale nje," Fahim akajibu.

Njau alikuwa ameketi kwenye ngazi ya gari la zimamoto, blanketi mabegani.

"Mliingia vipi?"

"Tukitambaa, Madam. Tulisikia mlinzi amebaki ndani, kumbe alikuwa ametoka. Moshi hukaa juu, chini ndiyo kuna kahewa. Huoni kitu. Kwa hivyo unafuata ukuta. Ukiingia, mkono wa kulia. Ukigeuka kutoka, wa kushoto. Ukuta uliokuingiza ndio utakutoa."

"Mnaugusa kwa kiganja?"

"Hapana, mgongo wa mkono. Kiganja kikigusa waya iko na stima, umeme unakikunja ngumi na hakiachi."

"Na mlango?"

"Huu ni wa chuma, unafungukia nje. Niliuacha wazi nikaweka kabari ya mbao chini. Wenzetu walipozunguka upande huu waliukuta hivyo. Waulize."

"Sasa Muigai alipoteaje?"

Njau alitazama buti zake. "Paa ilianza kulia kama inataka kuanguka. Nikamwambia tutoke. Nilijua ako nyuma yangu. Lazima aliachilia ukuta, Madam. Ukiachilia ukuta umekwisha."

Daktari aliyepasua maiti hakuwa na jipya: moshi ulimjaa mapafuni, jeraha hakuna. Kituo cha zimamoto kilikuwa tayari kuandika kwamba marehemu alikiuka utaratibu.

Gathoni, mjane wa Muigai, aliishi Ruiru. Hakumpa Nduku nafasi hata ya kutoa pole.

"Wamekuja hapa wakaniambia ni makosa yake. Ati aliachilia ukuta. Ngai! Baba Kui? Hata stima ikipotea hapa ndani, anaenda jikoni na mgongo wa mkono kwa ukuta, hivi. Kui, mtoto wetu, humcheka mpaka analia."

"Huenda aliogopa, mama. Mtu akiogopa husahau."

"Akiogopa ndio anashika zaidi! Ijumaa tunazika. Watasimama kwa kaburi na hiyo yunifomu yao, na kila mtu atajua alijiua kwa ujinga. Huyo mtoto atakua akiambiwa hivyo. Nisaidie, Madam."

Nduku aliona aibu kwa yale aliyosema. "Alikuwa na ugomvi na mtu?"

"Hapana. Lakini tangu ule moto wa hosteli, Kahawa Wendani, alikuwa hapati usingizi. Kuna msichana alikufa. Asubuhi ile ya mwisho alisema, 'Leo nitamwambia aseme mwenyewe.' Sikuuliza ni nani."

Kesho yake Nduku alimwita Njau ghalani. Alivaa kinyago ambacho Fahim alikuwa amekibandika tepu nyeusi kwenye kioo.

"Nipeleke alikopita Muigai," alisema, akashangaa kusikia sauti yake imetulia.

Walitambaa, Njau mbele, Nduku nyuma, mkono wa kulia ukutani. Giza likamfunika. Pumzi yake ilivuma ndani ya kinyago, na kila alipoivuta alihisi haitoshi. Alitaka kusimama akimbie, ila hakujua akimbilie wapi. Kilichobaki duniani kilikuwa ukuta ule, na mgongo wa mkono wake juu yake. Sasa alielewa ni kwa nini mtu hawezi kuuachilia.

Waligeuka. Mkono wa kushoto ukachukua zamu. Aliburura magoti akihesabu pumzi, mpaka ghafla ukuta ukaisha. Mkono wake ulidondokea kwenye utupu na bega likafuata. Alianguka nje, juani.

Alivua kinyago, akabaki chini akihema. Kisha akajiuliza: kama yeye, asiyejua lolote, ametupwa nje na mlango, Muigai aliupitaje?

"Fahim, funga huo mlango. Niletee tochi."

Ndani, mwanga uliufuata ukuta kwa usawa wa goti. Mchirizi ulikuwa pale, mahali glavu ilipofuta masizi. Ulinyooka hadi kwenye fremu, ukapanda juu ya chuma cha mlango, ukavuka, ukaendelea ukutani ng'ambo hadi pale maiti ilipolala. Katikati ya mlango masizi yalikuwa yamevurugwa na alama za ngumi: alikuwa amegonga, kisha akaendelea kutafuta njia nyingine.

Mlango huo, tangu moto, ulikuwa umeegemezwa wazi nje. Hakuna aliyekuwa ameutazama ukiwa umefungwa.

Nduku alitoka nje. "Njau, shika komeo la nje. Nifungie, kama siku ile."

"Madam, sikufu..."

"Nifungie."

Alirudi ndani, na chuma kikagonga fremu. Giza. Wazo moja likamjia: Itakuwaje asipofungua? Alipiga ngumi mara tatu, ishara ya wazimamoto kwamba niko hapa. Mlango haukufunguka. Akapiga tena mara tatu, kwa nguvu, na safari hii hakuwa anaigiza.

Nje kitu kilianguka. Fahim ndiye aliyefungua. Njau alikuwa amepiga magoti, ameziba masikio.

"Aligonga hivyo," alisema. "Hivyo hivyo. Mwambie aache."

"Ulikuwa umeshika komeo?"

"Paa ililia nikatoroka, nikamwacha nyuma. Mlango ukifungwa moto hukosa hewa, kwa hivyo nilitoa kabari nikaufunga... Nilijidanganya hivyo. Alipogonga ningeweza kufungua. Mkono ulikuwa kwa komeo, Madam. Lakini asubuhi alikuwa ameniambia niseme ukweli wa Wendani."

"Ukweli gani?"

"Yule msichana alikuwa amenishika mguu. Nikaogopa, nikampiga teke nikatoka. Muigai aliniona. Sasa alikuwa amejua nimetoroka tena. Nikasema moyoni, akitoka huyu, nitakuwa mwoga kwa kila mtu maisha yangu yote." Alifuta pua. "Kugonga kulipoisha nilingoja. Kisha nikafungua, nikarudisha kabari."

Fahim alimfunga pingu. Njau hakupinga, alionekana kama mtu aliyetua mzigo.

Nduku alipiga simu Ruiru. Vidole vyake bado vilikuwa vyeusi kwa masizi.

"Mama Kui, ni Inspekta. Hakuachilia ukuta."

Gathoni alirudia maneno hayo polepole. Kisha akasema, "Ngoja nimwite Kui. Mwambie wewe."