Barafu ya Sindano ya Mwisho

Jamani, mimi nilikuwa nacheka! Nikiangua kicheko hapa, kuku wa jirani wanaruka ukuta. Marehemu mume wangu alikuwa anasema mdomo huu ulizaliwa bila kitasa.

Sasa sogeeni.

Mtoto wa kaka yangu, fundi cherehani, katafuta mimba mpaka kakauka mfuko. Kiwanja kikaenda hospitali. Pikipiki ya mumewe ikaenda. Mwisho akauza cherehani yenyewe, ndiyo akapata sindano ya mwisho ya kushikisha mimba. Inatakiwa ikae kwenye baridi mpaka kesho yake, na friji ninayo mimi. Akaniletea kaipakata kama kichanga.

"Shangazi, hii ikiharibika sina cha kuuza tena."

Magharibi ile ile, umeme ukakatika.

Nikabeba ndoo, mbio kwa muuza barafu pale kwenye kona. Mlango wazi. Ndani giza... harufu ya dawa ya hospitali na udongo mbichi. Mwanamke nisiyemjua kaketi chini, mtandio mpaka puani.

"Barafu ipo, mama?"

"Ipo..." Ananong'ona. "Ila sitaki pesa."

Nikaangua kicheko. "Wee! Basi chukua hiki kicheko changu, ndiyo mali iliyobaki kwenye ukoo huu!"

Akanikingia viganja.

"Nimepokea."

Ndoo ikanilemea mkononi, imejaa barafu. Wala sikumwona akiinuka.

Asubuhi barafu haijatoa hata tone. Sindano ikachomwa. Na mimba, jamani, ikashika! Wifi yangu akapiga vigelegele, mimi nikafungua mdomo nicheke...

Hewa tupu.

Nikamfuata muuza barafu, nikamuulizia yule mwanamke. Akanishangaa. "Dada, siku ile si sisi wa hapa tulikuwa msibani wote? Nyumba niliitia kufuli."

Nikanyamaza. Mimi, kunyamaza! Mtaa mzima ukadhani naumwa.

Juzi mtoto wa kaka yangu kaja, tumbo mbele, kang'aa kama bibi harusi. "Shangazi, anacheza! Weka sikio."

Nikaweka.

Si teke.

Kule ndani, mbali... mtu mzima anacheka. Kicheko kile kile, na kile kikwaruzo changu cha mwisho, kama mlango mkavu.

"Umemsikia?" Kanishika mkono, machozi ya furaha yanamtoka. Mikono mitupu ile, haina hata sindano ya kushonea.

Nikamfuta machozi.

"Anacheza, mwanangu," nikasema. "Anacheza."

Mle ndani kicheko kikalipuka tena.