Lundo la Mihogo la Bibi Eufrasia

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Esta alichota maji ziwani, akafagia uwanja, kisha akapita nyuma ya jiko kutazama lundo la mihogo lililofunikwa kwa majani. Mwaka ule mvua iliigomea Kibara. Mahindi yalikaukia shambani, na dukani unga wa njano, ambao watu waliubatiza jina la Yanga, uliisha kabla foleni haijasogea. Ulibaki muhogo mchungu, na Bibi Eufrasia, aliyewalea Esta na mdogo wake Masatu, alikuwa na masharti yake. Umenywe, uvundikwe mpaka ulainike na kuota ukungu, ukwanguliwe, ndipo uanikwe uwe udaga.

"Naenda Bunda kumwona mgonjwa," Bibi alisema. "Lundo usiliguse mpaka nirudi."

Esta alikuwa mwepesi wa kazi, na mwepesi zaidi wa kuchoka kusubiri. Bibi alipokawia, na Masatu akalalamika kula dagaa watupu, alilifunua. Mihogo ilikuwa migumu bado, myeupe pe, bila ukungu. Aliona ni bahati, maana ilikuwa misafi. Akaikatakata, akaianika juani, akaitwanga. Unga ulimpendeza mno hata akampelekea bakuli jirani yao, Mama Pastory, aliyewagawia wale dagaa.

Bibi aliporudi, Esta alikuwa ndiyo kwanza anabandika maji. Bibi akaonja unga kidogo, akatema.

"Huu haukuvundikwa, sumu imo bado. Njaa ya zamani tulikuwaga tunaharakisha hivi hivi. Mtoto wa dada yangu alilala mzima, akaamka miguu imekakamaa. Unga wote ni huu?"

Esta alitamani kusema ndiyo. Mama Pastory hakuwa na siri, na kijiji kizima kingemcheka. Lakini aliwaza miguu ya Pastory, ikamuuma moyoni.

"Mwingine nimempa Mama Pastory, Bibi," alisema, akatoka mbio.

Aliwakuta wamezunguka sinia. "Shikamoo, Mama. Msile, tafadhali. Niliharakisha, unga haukuvundikwa."

Mama Pastory alitazama ugali, akamtazama Esta, akaweka mwiko chini. "Basi leo nimesonga kwa mazoezi."

Watoto wakacheka, isipokuwa Pastory, aliyerudisha tonge lake taratibu kama anayeagana nalo.

Ugali ule ulifukiwa, na unga pia. Jioni wote walikula kwa Bibi michembe, vipande vya viazi vitamu vilivyokaushwa, aliyokuja nayo kutoka Bunda, kwa dagaa, na Mama Pastory aliwasimulia habari ile mara mbili. Esta mwenyewe alicheka.

"Ukungu uliodhani ni uchafu ndio unaoonyesha muhogo umeiva kwa kuliwa," Bibi alimwambia. "Kuharakisha chakula ni kuchezea afya za watu, na hilo umekosea. Lakini ulisema ukweli wakati bado unasaidia, na watoto wale watalala na kuamka na miguu yao. Kesho tunavundika lundo lingine. Utalilinda wewe, na mimi sitalichungulia."

Tangu kesho yake, Esta alilipita lundo lile kila asubuhi, mikono ameifunga nyuma.