Kibali cha Kaluki

"Usiniite mpenzi hapa uwanjani! Kibali changu kinalala mezani kwako, halafu unaniita mpenzi?"

Wathome alitazama huku na huku. Maonyesho ya mtaa yalikuwa yafunguliwe mchana huo, kwenye uwanja ulio karibu na Soko la Burma, na wachoma nyama walikuwa wameacha kupepea moto ili wasikie vizuri.

"Kaluki, punguza sauti."

"Sipunguzi! Bia imefika, barafu inayeyuka. Wewe ndiye mkaguzi wa leseni za pombe. Tia sahihi!"

Kaluki alikuwa amevaa gauni la kitenge la manjano, na hata kwa hasira zake alijua linampendeza. Walikuwa wamekutana sokoni Muthurwa, chupa zake za soda zilipoanguka zikavunjika miguuni pa mwanamume huyu, naye akainama kuokota vipande bila kunung'unika. Tangu siku hiyo hakuwa amemsikia akisema uongo. Ndiyo maana leo ilimuuma.

"Unaniadhibu kwa sababu sijakujibu kuhusu ndoa," akasema.

"Hapana. Hema lako liko kando ya bembea. Masharti yanasema wanywaji wakae mbali na watoto, ndani ya uzio, na mlangoni mtu wa kuangalia vitambulisho."

"Nina mtoto, Wathome. Ungeniambia, ningelihamisha jana."

"Ningekuambiaje? Umeniblock tangu Jumapili!"

Hilo lilikuwa kweli. Mchoma nyama mmoja akacheka, Kaluki akamkata jicho.

"Haya, nalihamisha. Utatia sahihi?"

"Hata ukihama siwezi. Mkaguzi hakagui biashara ya mtu wake. Faili lako nilimpa mkaguzi mwenzangu, Gachanja, siku ile ile ulipolileta, na yeye ana viwanja vingi vya kukagua, ndiyo maana limechelewa. Aliniuliza sababu. Nikamwambia mbele ya ofisi nzima kwamba wewe ndiye ninayetaka kumwoa."

"Ofisi nzima! Kabla mimi sijasema ndiyo?"

"Ningefanya nini? Nikae kimya nikupe kibali cha upendeleo?"

Kaluki aliwajua wanaume ambao wangempa kibali kwa tabasamu tu, na kesho wampe mwanamke mwingine kwa tabasamu kubwa zaidi. Huyu aliona heri kuachwa kuliko kudanganya. Mtu wa namna hiyo unaweza kulea naye mtoto.

"Gachanja yuko wapi?"

"Njiani."

"Basi shika mlingoti ule, tuhamie kule nyuma penye uzio. Au pia kubeba kumekatazwa?"

"Kubeba naruhusiwa, malkia."

Akaubeba begani. Kaluki akashika turubai kwa mkono mmoja, na kwa mwingine akapiga simu huku akitembea.

"Mama? Jumapili nakuja huko na mtu... Ndiyo, huyo wa leseni... Ndiyo, kunioa... La, bado hajui kama nimekubali. Yuko hapa nyuma yangu, amebeba hema."

Nyuma yake mlingoti ukaanguka kwa kishindo.